Tembo Amesimama Wapi?



Leo sileti mada ya uchumba wala ya wito, ingawa najua ndizo zinazosomwa hadi mwisho. Nataka tuzungumze picha. Picha za wanyama, zile tunazopiga kwa simu au kwa kamera ya kuazima, kisha tunakaa nazo usiku tukikoleza rangi, tukibadili anga, tukifuta kisichotupendeza, halafu tunawaonyesha wenzetu wazikosoe. Swali langu ni hili: picha ya mnyama iliyoeditiwa ni uongo? Na kama si uongo, inaanza kuwa uongo wapi?

Kuna atakayesema, jamani, watu wana shida kubwa, wewe unatuletea habari za filta. Sawa. Lakini amri ya nane haikuwekewa kiwango cha chini, kwamba ukiwa chini ya hapo haikuhusu. Halafu tujiangalie wenyewe. Kijana wa leo anatoa ushahidi kwa picha kuliko kwa mdomo. Asubuhi kabla hajamwamkia mama yake, keshaweka stetasi. Kama ndimi zetu zimehamia kwenye vidole, basi na dhamiri nazo zihamie huko huko.

Mimi niko Suguti, Musoma Vijijini, upande wa ziwa. Tupo vijana wachache, wengine wa huku, wengine wa Bunda, tunaopenda kupiga picha za wanyama. Hakuna anayelipwa hata shilingi. Mmoja ni fundi wa pikipiki, mmoja anafundisha shule ya msingi, mwingine anavua. Wanyama huku hawatafutwi mbali. Kwazi anakaa juu ya mti akiangalia maji, mnandi anakausha mabawa juu ya jiwe, kiboko anapumua jioni kama mzee mwenye kikohozi. Serengeti nayo ni jirani: lango la Ndabaka liko pale pale kwenye barabara ya Mwanza na Musoma. Shida ni gari la kuingilia ndani. Ila kwa upande wa Bunda, kusema kweli, kuna siku hifadhi haisubiri uifuate, inakuja yenyewe na mkonga wake.

Jumapili moja moja baada ya Misa tunakaa mahali, simu zinapita mkono kwa mkono. Tuna kanuni moja tu: mwenye picha ananyamaza hadi watu wawili wawe wamesema walichokiona. Ni ngumu kuliko mnavyodhani.

Katika vikao hivyo kuna wenzetu wenye msimamo mkali. Wanasema picha ni picha, ukigusa kitu chochote umedanganya. Nawaheshimu, maana wanataka ukweli, lakini sidhani wako sahihi. Kamera yenyewe ni mhariri. Ukiamua kusimama hapa na si pale, umeshaacha nje nusu ya dunia. Ukisubiri twiga ainue shingo ndipo ubonyeze, umeshachagua sekunde moja kati ya maelfu. Na hizi simu janja, kabla hujagusa chochote zimeshang'arisha uso, zimeshapunguza giza, zimeshakoleza kijani cha majani. Picha "isiyoguswa" ambayo watu wanaiapia karibu haipo. Iliyopo ni ile ambayo kiwanda kimekuguslia bila kukuomba ruhusa.

Chukueni mfano wa hapa hapa kwetu. Mwaka 2014 tuzo kubwa ya dunia ya mpigapicha wa wanyamapori, ile inayoandaliwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, alipewa Mmarekani Michael Nichols kwa picha aliyoipiga Serengeti. Ni simba jike watano wamelala na watoto wao juu ya mwamba, nyuma yao mbuga na mawingu. Kundi hilo linaitwa Vumbi, na yeye alilifuata karibu miezi sita hadi simba wakamzoea. Picha haina rangi. Ni nyeusi na nyeupe, tena ameipiga kwa mwanga wa infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni kabisa. Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kusimama Serengeti akaiona mbuga hivyo. Je, amedanganya? Kila anayeitazama anajua kwamba dunia si nyeusi na nyeupe. Hakuna anayeondoka pale akiamini kitu kisichokuwepo kuhusu simba wale. Walikuwa watano, walilala, watoto walikuwepo. Miezi michache baadaye simba jike watatu wa kundi hilo wakauawa, walipotoka nje ya mipaka ya hifadhi. Mimi nikijua hilo naitazama picha ile kwa jicho lingine, na ile nyeusi na nyeupe inanisaidia, hainifichi kitu.

Halafu sisi Wakatoliki tukianza kusema kila mnyama aliyebadilishwa ni uongo, tutapata shida na makanisa yetu wenyewe. Mwinjili Marko anachorwa na simba mwenye mabawa. Luka ana ng'ombe dume, naye ana mabawa. Yohane tai, ambaye angalau mabawa ni yake. Yanatoka katika maono ya Ezekieli na ya kitabu cha Ufunuo, na Kanisa limeyachora kwa karne nyingi. Sijasikia muumini aliyemwendea paroko kulalamika kwamba Serengeti hakuna simba wa hivyo. Mtakatifu Augustino alikuwa mkali mno juu ya uongo, hakukubali hata ule wa kumsaidia mtu, lakini ni yeye huyo aliyeeleza kwamba si kila kinachoonekana tofauti na hali halisi ni uongo. Alitoa mfano wa Bwana wetu kwenye njia ya Emau, alipofanya kama anaendelea na safari. Kitu kinachoashiria ukweli fulani, asema, ni sura ya ukweli, hakihesabiki kuwa uongo.

Na jirani yetu wa Butiama naye alitufundisha jambo hapa, ingawa hakuwa mpigapicha. Mwalimu Nyerere alizigeuza Injili kuwa tenzi. Hebu fikirieni kazi hiyo: unapanga maneno upya, unatafuta vina, unakata hapa, unarefusha pale ili mizani ikae sawa. Ni kuediti huko! Lakini hakuna aliyemwambia amepotosha Neno la Mungu, kwa sababu jalada limeandikwa wazi kwamba hizi ni tenzi. Msomaji anafungua kitabu akijua ameshika nini mkononi. Julius Caesar wa Shakespeare alipomgeuza kuwa Juliasi Kaizari, pia hakujifanya kwamba yeye ndiye mtunzi.

Sasa geuza upande wa pili. Kuna picha ambazo hazikuguswa kabisa na bado waandaaji wakaziita udanganyifu. Tuzo ile ile ya London, ya mwaka 2009, ilikwenda kwa Mhispania José Luis Rodríguez kwa picha ya mbwa mwitu wa Ulaya anaruka geti usiku. Picha kali sana. Januari 2010 wakamnyang'anya, kwa sababu majaji waliona inaelekea sana kwamba mnyama yule alikuwa wa kufugwa na amezoeshwa, si wa porini. Yeye alikana. Tuzo ya kundi mojawapo ya mwaka 2017, picha ya mnyama mla mchwa pembeni ya kichuguu kinachong'aa usiku kule Brazili, nayo iliondolewa Aprili 2018. Wataalamu walisema mnyama yule anafanana mno na yule aliyekaushwa na kuwekwa kwa maonyesho. Naye mpigapicha alikana. Mimi si jaji wa watu hao. Ninachotaka mkione ni kwamba hapo tatizo halikuwa programu ya kuhariri. Rangi zingeweza kuwa halisi zote na ushahidi ukawa wa uongo.

Hata karibu na sisi mambo haya yapo. Ziwa Naivasha, Kenya, wenye boti wanapiga mluzi na kurusha samaki majini ili kwazi ashuke mbele ya kamera za watalii. Kila unyoya kwenye picha ni wa kweli. Lakini ukiweka maelezo kwamba "nilivizia saa sita hadi akawinda," umekwisha.

Kwa hiyo nikajikuta nimehama swali. Nimeacha kuuliza picha imeguswa kiasi gani, nauliza picha imeahidi nini. Katekisimu (namba 2482) inachukua maneno ya Augustino kueleza uongo: ni kusema kisicho kweli kwa nia ya kudanganya. Picha haina mdomo, lakini inasema. Kuna inayosema "hivi ndivyo nilivyoota," kuna inayosema "hivi ndivyo ilivyokuwa." Simba mwenye mabawa anasema la kwanza. Picha ya gazeti inasema la pili. Jarida la National Geographic mwaka 1982 lilisogeza piramidi za Misri zikaribiane kidogo, nyuma ya wapanda ngamia, ili zienee kwenye jalada. Sogezo dogo tu! Hakuna aliyeumia, piramidi hazikulalamika. Na bado watu wanalitaja hadi leo, kwa sababu jarida lile lilikuwa limeahidi "hivi ndivyo ilivyo."

Hapo ningeweza kusimama, mngesema nimejibu. Ila kuna tembo.

Jumapili moja, mahindi yakiwa yanakaribia kukomaa, tulikwenda kwa mwenzetu upande wa Bunda, kijiji kisicho mbali na mpaka wa hifadhi. Alikuwa na picha mpya. Tembo dume, alfajiri, ukungu, mwanga wa dhahabu umempiga mgongoni, chini majani mabichi kama zulia. Ilikuwa nzuri, niseme ukweli. Tukaanza kazi yetu. Mmoja akasema anga limekolea mno, limekuwa kama soda ya chungwa. Mwingine akasema ncha ya pembe imekatwa ukingoni na inamkera. Mimi nikauliza: mbona jua liko kulia na kivuli cha tembo nacho kinaangukia kulia? Mwenye picha akacheka. Anga alilitoa kwenye picha nyingine, ya ziwani. Akakubali kwamba angetakiwa kuligeuza. Maongezi ya kawaida ya ufundi.

Akaja mama mmoja jirani, anarudisha sufuria. Tukamwamkia, akaitikia, akaomba aone tunachokiangalia. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Huyu ndiye," akasema. Akatazama tena. "Sasa, mwanangu, hapa amesimama wapi?"

"Kwenye majani, mama."

"Majani yapi?"

"Pale chini palikuwa pamechafuka, mama, nikapasafisha kidogo."

"Palichafuka na nini?"

Mwenzetu akanyamaza. Mama akasema, "Ni mahindi yangu hayo." Hakusema kwa hasira. Akaketi, akaomba aonyeshwa picha ya kwanza, ile kabla ya kusafishwa. Ilikuwepo. Mahindi yamelala kama yamepitiwa na trekta, na pembeni kuna debe limeanguka, debe la kupigia kelele usiku. Akaweka kidole juu ya lile debe, akasema "hilo la kwangu," akaturudishia simu.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana, kwa sababu kanuni yangu ya ahadi haikunisaidia moja kwa moja. Mwenzetu hakutaka kumdanganya mtu. Alitaka uzuri. Ukimuuliza atakwambia wazi kwamba anga si lenyewe na majani si yenyewe. Kwa maana ya Augustino, yuko salama. Anga la ziwani halikumkosea mtu yeyote, kivuli cha upande usiofaa kilimkosea fundi tu. Lakini kuyafuta mahindi ni jambo la aina nyingine kabisa, na nadhani tofauti ni hii: anga halikuwa na mwenyewe. Mahindi yalikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na mtu ndani ya picha ile, ingawa uso wake haukuonekana. Alikuwemo kwa jasho lake na kwa debe lake. Alipofutwa, picha ikabaki inasema kwamba tembo huyu hana deni na mtu.

Na picha haikai kijijini. Ikifika Dar es Salaam, ikifika Ulaya, mtu anaiona akiwa amekaa kwenye kochi, anasema tazama kiumbe wa Mungu anavyopendeza, hivi kwa nini watu wa huko wanamfukuza kwa makelele? Hajui kwamba kelele zenyewe zimefutwa kwa kidole. Serikali yetu ina utaratibu wa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama hatari, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Majina hayo tu yanakueleza kwamba kuna watu wametoka jasho na kuna watu wamelia. Mkulima akienda kueleza hasara yake, picha ya simu ya asubuhi ile ni moja ya vitu vichache alivyonavyo mkononi. Sasa sisi vijana wa kijiji tukijulikana kwa kubadili picha, nani ataamini ya kwake?

Msinielewe vibaya, simpigi vita tembo. Katekisimu (2416) inasema wanyama wanamtukuza Mungu kwa kuwepo kwao tu. Nimeona pia picha za upande wa pili: tembo amewekewa macho mekundu, amekuzwa akaonekana kama jini, chini maneno ya kuwachochea watu. Huo ni ushahidi wa uongo dhidi ya kiumbe asiyeweza kujitetea. Tembo anakula mahindi kwa sababu ni matamu na yako njiani. Hana chuki na mama yule. Yote mawili, kumfanya malaika na kumfanya shetani, yanatuepusha na kazi ngumu ya kumtazama alivyo, mkubwa, mzuri, mwenye njaa, amesimama kwenye shamba la mtu.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito zaidi ya yote, na watu hawalisemi. Tukiediti kila kitu, tunapoteza uwezo wa kushangaa.

Septemba 2019, Maasai Mara, ng'ambo ya mpaka tu, mwongoza watalii Antony Tira alimwona mtoto wa pundamilia mweusi mwenye madoa meupe badala ya milia. Yeye mwenyewe, mtu wa pale, kwanza alidhani amepakwa rangi. Alikuwa halisi, ni hitilafu ya rangi ya kuzaliwa, na akapewa jina la Tira. Hapa Tanzania, Tarangire, tulikuwa na twiga mweupe aliyeonekana mwaka 2015, mwongozaji mmoja akamwita Omo, kama ile sabuni ya unga. Naye ni halisi. Huku kwetu kwenye mawe kuna yule mjusi dume ambaye kichwa na mabega ni pinki na mwili uliobaki ni bluu. Watoto wanamjua, wanamrushia mawe. Mwenzetu mmoja alimpiga picha nzuri mno, hakugusa rangi hata chembe, akaituma kwa ndugu yake wa Dodoma. Jibu lililorudi: "Umezidisha, punguza rangi."

Mnaona? Mungu kaumba mjusi wa pinki na bluu, akamweka juu ya jiwe la Musoma, na jamaa anasema Mungu kazidisha. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba Mungu aliumba viumbe vingi na vya namna nyingi kwa sababu kiumbe kimoja peke yake hakitoshi kuonyesha wema wake, na kinachopungua kwa kimoja kinajazwa na kingine. Sasa angalia filta zetu. Kila simba ana macho ya bluu yanayowaka, kila ndege ana jua la machungwa mgongoni, kila chui ana ukungu ule ule. Wote wamekuwa ndugu wa tumbo moja. Alichokitofautisha Mungu kwa makusudi sisi tunakifananisha kwa vidole viwili. Siku hizi na akili mnemba imeingia, unaandika tu "simba anakunywa maji Ziwa Viktoria" na simba anatokea, hajazaliwa na mama yeyote. Uzuri wake unachosha haraka. Sijui kwenu, mimi nikitazama tatu za namna hiyo nasikia usingizi.

Sasa kwenye kukosoa. Hapa vijana wa Kanisa tuna urithi ambao hatuutumii. Mtakatifu Ignasi wa Loyola anashauri, na Katekisimu (2478) inamnukuu, kwamba Mkristo mwema awe tayari zaidi kuyaelewa vizuri maneno ya jirani yake kuliko kuyalaani. Asipoweza kuyaelewa vizuri, amuulize anamaanisha nini. Akikuta anamaanisha vibaya, amrekebishe kwa upendo. Weka neno "picha" mahali pa "maneno" uone linavyofaa. Kwanza nitafute namna picha hii inavyoweza kuwa njema. Pili nimuulize mwenye nayo. Tatu ndipo nirekebishe. Sisi wengi tunaanzia namba tatu, tena bila upendo. Kuna wale nawaita wachinjaji, ambao wakiona picha tu, "fake hii." Na kuna wasifiaji, "moto, moto, moto," hata kama twiga ana miguu mitano. Wachinjaji angalau wametazama. Msifiaji amekuonyesha kwamba kazi yako haikumfanya asimamishe kidole.

Mama yule wa sufuria, mkikumbuka, alifuata njia ya Ignasi bila kuisoma popote. Alianza kwa kumtambua tembo. Akauliza. Akauliza tena. Halafu akasema lake kwa sauti ya chini na akakaa. Hakuondoka.

Mwenzetu amezihifadhi picha zote mbili. Ile ya dhahabu hakuifuta, na mimi sikumshauri aifute, ila ameirudishia mahindi. Amelirudisha na debe. Anga la ziwani amelibakiza, safari hii amekumbuka kuligeuza. Chini ameandika kwamba anga ni la picha nyingine. Kwa upande wa ufundi naona picha imekuwa bora, maana jicho lina mahali pa kwenda baada ya kumtoka tembo. Wengine kati yetu hawakubaliani. Wanasema debe linavuruga utulivu wa picha. Linavuruga kweli.

Tulilokwama nalo sasa ni la mamba. Huyu ni mwenzetu wa Suguti, mvuvi. Alimpiga picha mamba amelala ukingoni, sehemu ambayo watu wanachota maji na watoto wanaoga. Kwenye picha ya kwanza kulikuwa na kasia limelazwa karibu yake, na kwa kulipima na kasia unajua mamba ni wa kawaida tu. Yeye akalifuta kasia, akamvuta mamba, akawa kama mtumbwi. Ameisambaza pwani yote. Anasema, "Watoto wameacha kwenda kuoga pale. Wewe ulitaka nini zaidi ya hapo?" Na ni kweli, wameacha. Mamba wa ziwa hili wamekwisha kuchukua watu, hatuzungumzi hadithi.

Tumegawanyika nusu kwa nusu. Wenzangu wengine wanasema ni kama mzazi anayemwambia mtoto kuna zimwi kwenye kisima. Mimi niko upande wa pili, na sababu yangu si kwamba nimekariri Augustino. Siku mtoto atakapomwona mamba halisi wa pale, wa urefu ule wa kasia, atasema huyu siye, yule wa kwenye picha ni mkubwa. Atamsogelea. Mamba mdogo anatosha kabisa kwa mtoto.

Nilimwambia hivyo. Akafikiri, akasema labda atalirudisha kasia tuone kama picha bado inatisha. Sauti za wanawake waliokuwa wanachota maji nyuma yake siku ile, asema, zilikuwa zinatosha kumtisha yeye mwenyewe, lakini sauti haiingii kwenye picha.